Je, wajua kwa nini Mmarekani humtafuta babu yake kwenye kaunti?

Aprili 2011 Barack Obama, akiwa Rais wa Marekani, alihitaji cheti chake kirefu cha kuzaliwa, chenye maelezo yote, ili awanyamazishe waliokuwa wakidai kwamba alizaliwa Kenya, nchi ya baba yake. Hakutuma mtu ofisi ya jirani pale Washington. Aliandika barua kwa idara ya afya ya jimbo la Hawaii, na wakili wake akapanda ndege hadi Honolulu kuchukua nakala mbili zilizothibitishwa. Serikali aliyoiongoza haina daftari moja la vizazi vya nchi nzima, na haijawahi kuwa nalo.

Kwetu jambo hili linashangaza kidogo. Mtanzania wa bara akitaka cheti anajua habari ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mkenya naye ana kaunti 47, lakini usajili wa vizazi na vifo umebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Marekani mambo yalikwenda kinyume. Katiba yao ya mwaka 1787 iliorodhesha kazi za serikali kuu, na kuandika nani kazaliwa au nani kaoa nani haimo. Marekebisho ya kumi, ya mwaka 1791, yakasema kisichoorodheshwa ni cha majimbo au cha wananchi wenyewe. Majimbo mengi nayo yakamkabidhi kalamu karani wa kaunti, yaani sehemu ya jimbo, mfano wa wilaya. Leo kaunti ni zaidi ya 3,000. Louisiana huziita parokia, na katika majimbo ya New England, kaskazini-mashariki mwa nchi, anayeshika daftari kwa kawaida ni karani wa mji, siyo wa kaunti.

Anayeanza kuchimba ukoo wake hudhani kwamba kaunti ikiwa na ndoa za mwaka 1800, basi ina vizazi vya mwaka huo pia. Sivyo. Ndoa zilianza kuandikwa mapema sana, mara nyingi tangu kaunti ilipoundwa, ilhali vizazi na vifo vilikuja baadaye mno. Sababu ni mali. Karani yule yule ndiye aliyetunza hati za ardhi na wosia, na ndoa ilikuwa inaamua mjane apate fungu gani na mtoto yupi ahesabiwe mrithi. Kuzaliwa kwa mtoto wa mkulima hakukumpa mtu yeyote shamba siku hiyo, kwa hiyo nani angejisumbua kwenda mjini na farasi kuandikisha? (South Carolina ilikuwa na lake: haikudai leseni ya ndoa hadi 1911.)

Majimbo kama Virginia yalikuwa pia na dhamana ya ndoa. Bwana harusi na mdhamini wake waliahidi kulipa fedha iwapo kingetokea kizuizi cha kisheria, kwa mfano bwana kugundulika ana mke mwingine. Msomaji wa haraka huangalia majina ya maharusi akafunga ukurasa. Mimi ningeanza na huyo mdhamini, kwa sababu mara nyingi alikuwa baba au kaka wa bibi harusi, na jina lake huenda lisipatikane kwingine popote.

Vizazi na vifo vilisubiri hofu ya magonjwa, pale madaktari walipotaka kujua watu wanakufa kwa nini na wapi. Massachusetts ilianza usajili wa jimbo zima mwaka 1841, Pennsylvania 1906, Illinois 1916, Georgia 1919. Virginia ilianza 1853, ikaacha 1896, ikarudi 1912. Ni mwaka 1933 tu ndipo majimbo yote yalipofikia kiwango cha usajili kilichotakiwa na serikali kuu. Kabla ya tarehe hizo, rudi kwenye kaunti na uone kilichopo. Za Pennsylvania, kwa mfano, ziliandika vizazi na vifo kati ya 1893 na 1905.

Pengo hilo lilileta kioja. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, kisha viwanda vya Vita Kuu ya Pili, viliwalazimisha watu wazima wathibitishe umri na uraia wao. Wazee wakafika mbele ya makarani na Biblia ya familia yenye tarehe zilizoandikwa kwa mkono, cheti cha ubatizo, au kiapo cha ndugu aliyeshuhudia. Wakapewa cheti cha kuzaliwa kilichochelewa. Hivyo babu aliyezaliwa 1885 anaweza kuwa kwenye daftari la miaka ya 1940, na ukimtafuta kwenye la 1885 utasema hayupo.

Kwa Wamarekani weusi njia ni nyembamba zaidi. Kabla ya 1865 sheria haikutambua ndoa ya mtumwa. Sensa za 1850 na 1860 zilimwandika chini ya jina la bwana wake kwa umri, jinsia na rangi, karibu kila mara bila jina. Jina lake, kama lipo, liko kwenye kaunti, ndani ya wosia au orodha ya mirathi ya bwana huyo, katikati ya ng'ombe na vyungu. Mwaka 1866 North Carolina iliwataka wanandoa waliotoka utumwani wajiandikishe na kutaja walianza lini kuishi kama mume na mke. Ndiyo maana daftari la 1866 linaweza kushuhudia ndoa iliyofungwa miaka mingi nyuma. Baadaye kaunti nyingi za Kusini ziligawa daftari la ndoa kwa rangi. Aliyefungua moja tu asikate tamaa kabla ya kuomba la pili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina, uliza mahali, tena mahali kwa tarehe ile. Mipaka ilihama. Familia inaweza kukaa shamba moja miaka 60 na kupita kaunti tatu bila kuhamisha hata kuku. West Virginia nzima ilikuwa Virginia hadi 1863. Kaunti mpya ilipomegwa, madaftari ya zamani kwa kawaida yalibaki kwa kaunti mama, na huko ndiko pa kuanzia.

Kisha kuna moto. Moto mkuu wa Chicago wa Oktoba 1871 uliteketeza mahakama ya kaunti ya Cook, ulimo mji huo, pamoja na kumbukumbu zake. Virginia kisa chake kinauma zaidi: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, baadhi ya kaunti zilipeleka madaftari Richmond, mji mkuu wa jimbo, yakahifadhiwe, na Aprili 1865 Richmond ndiyo ikaungua. Watafiti wa huko huzungumzia kaunti zilizoungua kama wavuvi wanavyotaja mwamba mbaya. Kinachobaki ni kanisa, magazeti, na kaunti jirani. Huyo jirani asidharauliwe hata pasipo moto, kwani maharusi walivuka mpaka kukwepa muda wa kungoja uliowekwa na sheria ya kwao. Mji wa Elkton, Maryland, ulioko karibu na Delaware na Pennsylvania, uliozesha wageni chungu nzima hadi jimbo lilipoweka saa 48 za kusubiri mwaka 1938.

Leo kazi nyingi hufanyika nyumbani. Tovuti ya FamilySearch, ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ina picha za madaftari ya kaunti nyingi bila malipo, zilizotokana na filamu zilizoanza kupigwa 1938. Vyeti vya karibuni hufungwa kwa faragha. Pennsylvania hufungua vya kuzaliwa baada ya miaka 105, na vya vifo baada ya 50. Ukipata cheti cha kifo, angalia nani alitoa maelezo. Aliyekuwepo mzee akifa mara nyingi hakuwepo akizaliwa, hivyo tarehe ya kifo iamini, na majina ya wazazi wake yapime.

Ukilazimika kumwandikia karani, mpe jina na namna zote linavyoweza kuandikwa, miaka mitano mbele na nyuma, na aina moja tu ya hati. Habari za bibi aliyevuka mto usiku mwekee mjukuu wako. Karani ana foleni ya watu wanaolipia namba za magari.