Kontrole tekiniki haithibitishi kwamba gari ni zima

Muuzaji wa gari lililotumika hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiulizwa kama gari lake ni zima, mara nyingi hujibu kwa kutoa karatasi ya kontrole tekiniki, yaani ukaguzi wa gari, na mnunuzi huridhika akaanza kuhesabu dola. Kosa hilohilo hufanywa na mwenye gari anayetoka kwenye ukaguzi akinung'unika kwamba amekataliwa bure, kwa kuwa moteri (injini) yake haijawahi kufunguliwa. Wote wawili wanaubebesha ukaguzi huo kazi isiyo yake.

Kontrole tekiniki ni ukaguzi wa usalama: hutazama kama gari, siku hiyo linapokaguliwa, linaweza kusimama, kufuata volani (usukani), kumulika na kuonekana barabarani bila kuhatarisha watu. Sanduku la gia linalogoma, au ambrayaji (klachi) inayokaribia kwisha, ni hasara ya mfuko wa mwenye gari. Moteri nayo humhusu mkaguzi inapovujisha mafuta au kutoa moshi kupita kiasi, lakini hatatafuta ina umri gani uliobaki. Kwa sababu hiyo gari lenye moteri imara huweza kukataliwa, na gari ambalo moteri yake itakufa mwezi ujao likapita.

Ugomvi mkubwa huanzia kwenye freni. Dereva anayekanyaga na gari likasimama huamini kwamba freni zake ni nzuri, ilhali mashine ya roli, ambayo magurudumu huzungushwa juu yake, hupima nguvu ya kila gurudumu peke yake, kisha hulinganisha la kushoto na la kulia katika ekseli moja. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, nguvu ya gurudumu moja ikiwa chini ya asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake, hilo ni kosa, hata kama freni kwa jumla zina nguvu ya kutosha. Tofauti hiyo haisikiki katika foleni, bali huvuta gari upande mmoja dereva anapokanyaga ghafla kwenye barabara yenye tope. Katika gari la zamani chanzo huwa ni pistoni ya freni iliyokwama kwa kutu, mpira wa mafuta ya freni uliovimba kwa ndani, au plaketi (pedi za freni) zilizobadilishwa upande mmoja tu kwa sababu fedha hazikutosha kwa pande zote mbili. Na kusema kweli, uchumi huo wa kubana fedha ndio ghali kuliko yote. Freni ya mkono hupimwa vilevile, na Ulaya hudai nguvu yake ifikie walau asilimia 16 ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari. Katika mji wa milima kama wetu, anayeegesha katika mtaa wa Kadutu kwa kuweka jiwe chini ya gurudumu hahitaji mashine ya kumwambia kwamba freni yake ya mkono imekufa.

Taa ndizo hufahamika vibaya zaidi, hata na mafundi. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na huko Japani watu hupita kushoto. Taa zao za chini zimeundwa ili mwanga unyanyuke upande wa kushoto na kumulika ukingo wa barabara. Kwetu, ambako kanuni ya barabara, yaani sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, hutuamuru kupita kulia, upande huo wa kushoto ndiko anakotokea dereva mwingine, naye hupigwa na mwanga machoni. Kubadilisha balbu hakusaidii, kwa kuwa umbo la mwanga limo katika kioo na kiakisi cha taa yenyewe; na kukaza skrubu ili taa iangalie chini zaidi hupunguza tu umbali unaoonekana. Kwa hiyo taa zinazowaka vizuri kabisa huweza kuwa taa mbovu mbele ya mkaguzi.

Matairi hukataliwa kwa kina cha mifereji, ambacho nchi nyingi zimekiweka milimita 1.6, lakini la zamani lenye mifereji mizuri nalo huweza kuwa limepasuka ubavuni kwa uzee. Tarakimu nne zilizo ubavuni hueleza umri wake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rotuli (viungo vya usukani na magurudumu) zilizolegea, amortisa (shokabzoba) zinazovuja na kutu karibu na mahali zinapofungwa huonekana gari likiinuliwa, na rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu haimdanganyi mkaguzi anayeigonga kwa nyundo ndogo.

Kwa hiyo sentensi sahihi ya muuzaji ni kwamba gari lilipita kontrole tekiniki tarehe fulani, basi, na anayetaka habari za moteri alipeleke kwa fundi wake mwenyewe kabla ya kulipa. Naye aliyekataliwa, badala ya kusema wamemwonea kwa kuwa moteri ni nzima, asome kwenye karatasi ni gurudumu gani lililokosa nguvu, kisha abadilishe plaketi za pande zote mbili.