Kwa nini injini ya cc 2,755 huishinda ya cc 4,164 mlimani?

Fungua boneti ya Land Cruiser hardtop ya zamani, ile inayoitwa mkonga, na mara nyingi utakuta 1HZ: dizeli ya silinda sita, cc 4,164, haina turbo. Inatoa nguvu za farasi 130 hivi na toki ya Nm 285. Injini ya 1GD, iliyo kwenye Hilux na Prado za miaka ya karibuni, ina silinda nne na cc 2,755 tu, lakini ile yenye gia otomatiki inatoa farasi 204 na toki ya Nm 500. Inawezekanaje?

Toki ni nguvu ya kuzungusha. Weka spana ya mita moja kwenye nati ya tairi, ilale usawa, kisha ning'iniza kilo 10 kwenye ncha yake: nati inapata toki ya karibu Nm 98, hata kama haijazunguka. Farasi huhesabu na kasi pia. Zidisha toki kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 7,120 hivi, umepata farasi.

Sasa uko mlimani, gari limejaa mzigo, mshale wa mizunguko ya injini uko kwenye 2,200 kwa dakika. Hapo 1HZ imefika kilele cha toki yake, Nm 285, sawa na farasi 88. Kwa mizunguko hiyohiyo 1GD ina farasi 154. Ndiyo maana dereva wa mkonga hushusha gia ili injini izunguke haraka, huku mwenzake akipanda na gia ileile.

Siri ni hewa. 1HZ hujivutia hewa yenyewe, na ukiiongezea dizeli kuliko hewa iliyopo, unapata moshi mweusi tu. 1GD ina turbo, ambayo hutumia msukumo wa moshi wa ekzosi kushindilia hewa kwenye silinda, hivyo dizeli nyingi zaidi inaungua sawasawa. Kwa hiyo 1GD hushika Nm 500 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,800. Kwangu upana huo una maana kuliko farasi 204 za kwenye tangazo. Muuzaji aulizwe toki inaanza kushika kwenye mizunguko mingapi.

Mkonga bado una heshima yake: pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, na fundi aliye mbali na mji anaimudu. Ila ukifika nyanda za juu kama Mbeya, hewa ni nyepesi na 1HZ hulegea zaidi, wakati turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.