Chuma Hakisambazi Saratani: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Tezi kwa Sindano

Mwezi huu pekee nimeisikia kauli ile ile mara tatu, na mara ya mwisho ilitoka kwa mama aliyemleta binti yake mwenye uvimbe wa tezi ya limfu shingoni, zile tezi za kinga ya mwili: "Daktari, wametuambia kitu hiki kikiguswa na chuma kinasambaa." Kwa kuiogopa sindano, walikuwa wamekaa nyumbani miezi minne wakichua uvimbe huo kwa mafuta ya moto.

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inageuza mfuatano wa mambo. Saratani nyingi tunazozikuta kwenye tezi za shingo za watu wazima hazikuanzia hapo, bali zimetoka kooni, nyuma ya pua, kwenye titi au mapafuni, na tezi imevimba kwa kuwa zilikwisha kuifikia kabla sijaivua sindano kwenye karatasi yake. Mgonjwa wa saratani ya namna hiyo akifariki miezi michache baada ya kupimwa, msibani husemwa kwamba alikuwa mzima hadi alipochomwa, na hakuna anayehesabu muda aliokaa na uvimbe kabla ya kuja kwetu. Ni kweli kwamba seli za saratani zimewahi kukutwa kwenye njia ilikopita sindano, lakini kwa sindano nyembamba tunayotumia, ambayo kwa kawaida haizidi unene wa milimita 0.7, hilo ni tukio adimu sana.

Nadhani neno lenyewe pia linatuponza, maana kwetu kupigwa sindano ni kuingiziwa dawa, ilhali hapa hakuna kinachoingizwa: tunashika tezi kwa vidole viwili, tunachoma, tunachezesha ncha ndani kwa sekunde chache, kisha tunatandaza tone lililopatikana juu ya vioo. Kwa binti yule lilitoka tone zito, jeupe linaloelekea manjano, kama maziwa yaliyoganda, na kabla hata ya kufika kwenye hadubini nilikuwa na dhana yangu. Sehemu yake ilipelekwa kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu, na jibu likawa kifua kikuu cha tezi, ugonjwa ambao kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6 na ambao dawa zake hutolewa bila malipo. Mama alipinga, akasema binti hakohoi. Kifua kikuu cha tezi hakihitaji kikohozi.

Wapo wanaodai kwamba kipimo cha damu kinatosha. Damu husaidia, na kipimo cha VVU ni cha lazima kwa mgonjwa wa namna hii, lakini haitaonyesha kilichomo ndani ya tezi. Wengine hutulia kwa sababu uvimbe hauumi, ingawa tezi inayouma mara nyingi ina maambukizi ya kawaida, na ile ngumu, isiyouma, inayoendelea kukua, hasa ikiwa juu ya mtulinga, ndiyo inayonitia wasiwasi.

Dhana ya kwamba jibu la sindano ni la mwisho ninaisikia hata kwa watumishi wenzangu. Nikiandika kwamba sikuona seli za saratani, nimezungumzia tone nililoletewa, si tezi nzima. Limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye tezi zenyewe au seli zake, hasa hutambulika pia kwa jinsi seli zilivyopangika, na sindano huvuruga mpangilio huo; kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa baadaye kwamba tezi itolewe nzima kwa upasuaji mdogo hakuchomwa bure, kwani sindano ndiyo iliyotuonyesha kwamba kinyama, yaani tezi yenyewe ya kuchunguzwa, kinahitajika.

Ombi langu, ambalo wenzangu wamechoka kulisikia, ni kwamba mtu asimeze prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, za kununua dukani ili "kuyeyusha" tezi kabla ya kupimwa. Limfoma hunywea kwa dawa hizo kwa muda, na vioo huja na seli zilizokufa ambazo haziwezi kusomeka. Hapo huwa sina la kuwaambia ndugu isipokuwa tusubiri uvimbe urudi.