Mtoto Hasikii kwa Mama, Ametulia kwa Baba: Dawa za Akili kwa Watoto wa Wazazi Walioachana

Simu huingia Jumatatu asubuhi. Mwisho wa wiki mtoto alikuwa kwa baba. Baba kafungua begi, kakuta vidonge katikati ya soksi na daftari la kuchorea, kaliandika jina la dawa kwenye simu, na aliyoyasoma yamemnyima usingizi. "Daktari, mmempa mwanangu dawa za vichaa? Ana miaka mitano!" Nyuma yake nasikia honi za Barabara ya Mandela. Wiki nyingine anayepiga ni mama, mtoto akiwa amehamia kwa baba na mke mpya, na maneno ni yale yale.

Katika kliniki yetu ya afya ya akili ya watoto tumezizoea simu hizi, na nakiri kwamba kwa muda mrefu tulizipokea vibaya. Mpigaji tulimwona mvurugaji wa tiba, mtu aliyeshindwa ndoa akaja kumalizia ugomvi kwetu. Nilikuwa nikimjibu kwa kifupi: zungumza na mama wa mtoto. Siku hizi namwomba aje, tena aje na anayoyajua. Nitaeleza kwa nini, kwa visa ambavyo nimevichanganya na kuvibadilisha majina ili familia zisitambulike.

Rama ana miaka mitano. Mama yake alimleta na vidonge vya risperidoni, dawa ya akili ya kutuliza, alivyoandikiwa kituo kingine, pamoja na daftari ambamo mwalimu wa chekechea ameandika kwa wino mwekundu: "Mtoto hasikii, hatulii, anasukuma wenzake." Mama mtu alikuwa amechoka. Wanaishi chumba kimoja, yeye na mwanawe, tangu talaka itoke. Baba Rama alikuja wiki iliyofuata, kanuna, akakaa kiti cha mbali na mlango. Kwake mtoto hana kitu, alisema, anatulia kutwa nzima mbele ya luninga. "Ila ana tabia moja, anafungulia sauti mpaka majirani wanalalamika. Na nikimwita kutoka jikoni haitiki mpaka nimguse bega."

Mama hakuwahi kuliona hilo, na si kwa uzembe. Katika chumba kimoja anaongea na mwanawe uso kwa uso. Nyumba ya baba ina sebule, ina korido. Tulipompeleka Rama kwa wataalamu wa masikio, wakakuta ute mzito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Sisi tunaosema Kiswahili "asiyesikia" kwetu ni mkaidi, na hakuna hata mmoja wetu, nikiwamo mimi, aliyelisoma lile neno la mwalimu kama lilivyoandikwa.

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani kila mtoto mtukutu ana masikio mabovu. Ninachotaka aone ni namna utambuzi unavyofanyika. Tatizo la utukutu uliopitiliza na kukosa umakini, ambalo wengi wanalijua kwa herufi zake, ADHD, halina kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayolithibitisha. Linatambuliwa kwa kuuliza na kutazama, na masharti yake yanajulikana: dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja, yaani si shuleni tu wala nyumbani tu. Sasa mtoto wa wazazi walioachana ana mazingira matatu: kwa mama, kwa baba na darasani. Daktari aliyesikiliza nyumba moja akaandika dawa ameandika kwa habari nusu. Mzazi anayehoji ndiye mwenye nusu iliyobaki.

Talaka yenyewe nayo ina dalili zake. Mtoto mdogo ambaye baba kaondoka hivi karibuni anaweza kurudia kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama, kuamka usiku akilia, kupiga wenzake. Hajui kusema "nina huzuni", kwa hiyo anasema kwa mwili. Ukimkuta katika miezi hiyo na ukahesabu dalili moja moja, utapata ugonjwa wowote unaoutafuta. Upungufu wa damu nao humfanya mtoto ashindwe kumakinika, na usingizi mbovu vilevile. Kuna pia kifafa kisichoangusha, ambacho mtoto huduwaa sekunde chache kisha akaendelea, na mwalimu akamwita mzembe. Hata fenobabitoni, dawa ya kifafa ya siku nyingi na ya bei nafuu, huwafanya baadhi ya watoto wawe watukutu kupita kiasi. Nimeona mtoto akiletwa aongezewe dawa ya kumtuliza wakati utukutu wenyewe umeletwa na dawa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, mzazi anayeuliza "kuna ulazima wa kidonge?" anauliza swali ambalo miongozo yenyewe inauliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na daktari bingwa hauruhusu dawa kwa matatizo ya tabia katika umri huo; kinachotangulia ni kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza mtoto. Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 5 hapewi dawa ya ADHD mpaka daktari bingwa wa pili, mwenye uzoefu na watoto wa umri huo, atoe maoni. Marekani walifanya utafiti wa methilifenideti, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, kwa watoto wa chekechea, na matokeo yakachapishwa 2006. Dawa iliwasaidia, lakini kwa kiasi kidogo kuliko inavyowasaidia wakubwa, madhara yakawa mengi zaidi, na kimo na uzito vikaongezeka polepole. Tena wazazi wa watoto hao walitakiwa kwanza wapitie mafunzo ya malezi ya vikao 10, kabla ya kidonge cha kwanza. Vikao 10! Huku kwetu mzazi akipewa dakika kumi na tano anashukuru.

Mafunzo hayo wala si maajabu. Ni kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, kumsifu mtoto palepale anapofanya vizuri, kuwa na saa moja ya kulala, na kuacha viboko. Ugumu wake ni kwamba yanataka nyumba zote mbili zifuate utaratibu mmoja, na hapo ndipo wazazi walioachana wanaponiambia kwa sauti ya chini kwamba kumeza kidonge ni rahisi zaidi.

Haya yote hayamaanishi kwamba dawa ni uovu. Mtoto mwenye usonji (autism) anayejing'ata mpaka damu, au kujigonga kichwa ukutani, anaweza kuhitaji risperidoni, na Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2006 kwa ghadhabu za watoto wenye usonji kuanzia miaka 5. Kisa changu cha pili ni cha mtoto wa namna hiyo, binti wa miaka saba. Safari hii mwenye wasiwasi alikosea, nami nikakosea naye.

Baba yake aliamini binti kaharibiwa na kudekezwa. Kila Ijumaa akimchukua, dawa anaisimamisha, Jumapili jioni anamrudisha, na hamwambii mtu. Mama akaja kliniki: daktari, Jumatatu na Jumanne mtoto anakuwa mbaya, dawa haifanyi kazi. Nikaamini, nikaongeza dozi. Likizo ikafika, binti akakaa kwa mama wiki tatu mfululizo akimeza dozi ile mpya kila siku, akawa analala mchana, kaongezeka uzito, udenda unamtoka. Baba alipomwona akasema si niliwaambia. Dawa aliyoikataa kimyakimya ndiyo iliyomfanya binti yake anyweshwe nyingi zaidi. Angepiga simu akanitukana, ningejua.

Kwa hiyo namwambia mzazi mwenye shaka: hoji kwa sauti, usihoji kwa kuficha. Zipo dawa ambazo kuzikatisha ghafla kuna hatari yake yenyewe. Klonidini, dawa ya shinikizo la damu ambayo hupewa pia watoto wenye ADHD, ikikatishwa ghafla, shinikizo la damu linaweza kupanda kwa kasi. Dawa za sonona zikikatishwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na mhemko wa kupanda na kushuka. Dawa ya kifafa ikikatishwa inaweza kuleta degedege lisilokoma, na hiyo haina mjadala hata kama wazazi hawasemezani. Dawa za namna hii hupunguzwa kwa ngazi, na daktari aliyeianzisha, au wa pili mliyempata, ndiye anayepanga ngazi hizo.

Namwambia pia mzazi anayeishi na mtoto asidharau anachokiona mwenzake siku ya makabidhiano. Methilifenideti ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne hivi, kisha inaisha mwilini. Mtoto aliyemeza asubuhi na mchana huwa anaishiwa nayo jioni, na wengine ikiwaisha hurudi na ghadhabu kuliko mwanzo, tena wana njaa kwa sababu mchana kutwa hamu ya kula ilikuwa imekatika. Saa kumi na mbili Ijumaa ndiyo saa baba anafika getini. Anachomwona ni mtoto mkali, mwenye njaa, aliyekonda usoni, na anahitimisha kwamba mama anamtesa mtoto kwa sumu. Mama naye, aliyemwona mtoto yule yule saa nne asubuhi akimaliza kuandika ukurasa mzima, anahitimisha kwamba baba ni mwongo. Wote wawili wameona kweli.

Kuhusu sheria sitakaa sana, maana mimi ni mtu wa hospitali. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria hiyo hiyo inambebesha baba wajibu wa kumtunza mtoto hata kama yuko mikononi mwa mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie, na inamhesabia mtoto matibabu kuwa haki. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto, ya 2011. Ndugu zetu wa Kenya, Katiba yao ya 2010 inawapa mama na baba wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mahakama inaweza kuweka masharti katika amri ya malezi, kwa hiyo kaisome amri yenyewe, usihadithiwe na wifi. Mkishindwana, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Nimewahi kuombwa barua ya kumwonyesha hakimu kwamba mama ni mgonjwa wa akili kwa kuwa kampa mtoto dawa. Sikuiandika.

Mnapokuja kliniki, pamoja au kwa siku tofauti, tuulizeni bila haya. Mtoto huyu mmemkuta na ugonjwa gani, na mmeujuaje? Mmepima masikio, macho, damu? Mmeongea na mwalimu? Dawa hii inalenga dalili ipi, na tutajua baada ya wiki ngapi kama imesaidia? Nani atampima uzito, kimo na shinikizo la damu, na lini? Tutaiacha lini? Daktari akikasirikia maswali hayo, tafuteni mwingine. Maneno ya kichaa na uchizi yabaki nje ya mlango, maana mtoto mnayedhani anachora anasikiliza. Kama kuna dua, maombi au kombe katika ukoo, mtuambie tu. Ninachohofia ni dawa ya mitishamba ambayo hatujui inachanganyikana vipi na vidonge.

Halafu nunueni daftari dogo, lile la kawaida la shule, lisafiri na mtoto ndani ya begi pamoja na dawa. Kila nyumba iandike mambo manne: saa aliyomeza, alivyolala, alivyokula, jambo moja lililotokea. Msiandikiane mipasho humo. Daftari la Baba na Mama Rama lilikuwa na ukurasa mmoja uliochanwa, na sikuuliza.

La mwisho ni la dharura. Haloperidoli, dawa nyingine ya akili, na mara chache risperidoni, inaweza kumfanya mtoto ghafla ashikwe na misuli: shingo inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu, taya linakaza, ulimi unatoka. Hutokea zaidi siku za mwanzo au dozi ikiongezwa, na wengi huliita jini. Lina dawa yake, na mara nyingi sindano moja hulituliza kwa muda mfupi. Aliye na mtoto usiku huo, awe mama, baba, bibi au mama wa kambo, amkimbize hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Mzazi wa pili apigiwe simu mkiwa njiani.