Kuwaza sana hakurudishi kansa

Kuna ile kauli watu wanaambiwa wakimaliza kemo (dawa kali za kutibu kansa), "usilie, usiwaze, ukiwaza itarudi", na inaumiza kweli maana mtu anabaki anaogopa ugonjwa na anaogopa hata hiyo hofu yake. Sio kweli jamani. Mwaka 1989 Dk. David Spiegel wa Marekani alichapisha utafiti wa wanawake 86 wenye kansa ya titi iliyosambaa, na wale waliokaa kwenye vikundi vya kuongea wakaonekana kuishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao wasiokaa, basi ikachukuliwa kwamba moyo ukitulia na kansa inatulia. Lakini 2001 Wakanada walirudia kwa wanawake 235, vikundi vikapunguza huzuni na maumivu ila muda wa kuishi ukawa uleule, na Spiegel mwenyewe aliporudia, 2007, kwa ujumla hakuona tofauti.

Kwa hiyo ukijikuta saa nane usiku unapapasa kwapa kutafuta uvimbe, au tumbo linavurugika siku mbili kabla ya skani, hujaharibu chochote, inawapata wengi sana, hasa ratiba ya hospitali inapoisha ghafla. Lia tu. Ila huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi hakuna, hamu ya kitu chochote hakuna, mwambie daktari, sonona ina tiba yake.