Kurudi mlikokulia baada ya kufiwa na mzazi

Matanga yakishaanuliwa na wageni wakatawanyika, mara nyingi mmoja wa watoto husema: twendeni tukapaone tulipokulia. Sisi washauri nasaha tunaiunga mkono safari hiyo, ila mirathi ibaki nyumbani. Siku mkianza kupima viwanja kwa macho, hamtamkumbuka marehemu tena.

Hapa Uganda, kwa familia nyingi za Waswahili, mahali penyewe si shamba la ukoo. Ni kota za reli Tororo, au kambi ya polisi Nsambya: nyumba aliyopewa baba kwa sababu ya kazi, na kazi ilipokwisha akarudisha funguo. Wengine hawana hata ukuta wa kutazama, maana nyumba za Naguru na Nakawa, Kampala, zilibomolewa mwaka 2011. Basi jiandaeni kumkuta mtu mwingine akianika nguo zake pale. Pigeni hodi, jielezeni; kambini ombeni ruhusa getini kabla ya kutoa simu kupiga picha. Mkikataliwa, njia ya kwenda shule na kiosko cha mkate havina mlinzi.

Mahali huamsha kumbukumbu kweli. Mwaka 1975 watafiti Godden na Baddeley waliwapa wapiga mbizi maneno ya kukariri, na yale waliyojifunzia chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji. Ndiyo maana mtu aliyekaa msibani macho makavu hulia mbele ya bomba la uani, pale mama alipomsugua visigino kwa jiwe kabla ya kulala. Mwacheni alie. Hakuna haja ya kumwambia ajikaze.

Linalotatiza zaidi ni ndugu kutokubaliana. Kifungua mimba anakumbuka mkanda wa baba ukining'inia nyuma ya mlango. Kitinda mimba anamkumbuka mzee mpole aliyestaafu, akimmenyea miwa. Watapandishiana sauti palepale uani, kila mmoja akimwona mwenzake anamsingizia marehemu. Wote wanasema kweli: walilelewa na mtu yuleyule katika umri tofauti na mfuko tofauti. Asiwepo wa kuamua. Kila mmoja amalize lake, na mkubwa asimkatize mdogo (kwetu hili ni gumu, najua).

Mzazi aliyebaki aulizwe kwanza kama anataka kwenda. Mama Mwislamu aliye edani, kwa kawaida miezi 4 na siku 10, asubiriwe amalize.

Wajukuu wapewe daftari waandike wanayosikia. Akina mama wa NACWOLA, chama cha Uganda cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: asili ya ukoo, majina ya mababu, chakula mtoto alichokipenda. Fuateni mtindo huohuo, na muandike hata majina ya majirani.

Huzuni kuzidi siku chache baada ya safari si ajabu. Lakini ikiwa miezi 6 imepita tangu kifo na mtu bado hawezi kufanya kazi, kula au kukaa na watu kwa sababu ya majonzi, Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa unaotibika. Aende kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wake, au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kwa walio Kampala, na mmoja wenu amsindikize.