Je, wajua kwa nini ramani ya hospitali hupelekwa barazani kabla wodi haijabomolewa?

Karatasi ilikuwa imebanwa kwa misumari minne kwenye shina la mwarobaini, na kila upepo ulipopita kona yake ya chini ilipiga makofi. Msanifu majengo, kijana aliyetoka Nairobi kwa basi la usiku, alikuwa na kalamu nyekundu sikioni na maelezo yaliyonyooka: jengo jipya la ghorofa mbili, chumba cha upasuaji hapa, maabara pale, magari yataegeshwa kule. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Watu kimya. Kisha bibi mmoja aliyekaa mkekani, leso kichwani na bakora mapajani, akasema: "Sasa mwanangu, sisi tunaoleta uji tunapitia wapi?"

Kijana akaigeukia ramani yake. Njia ya uji haikuwemo.

Hospitali yenyewe sitaitaja, ni moja tu kati ya nyingi za huku pwani ya Kenya zilizochakaa na zinazotakiwa kujengwa upya. Lakini siku ile ilinipa jibu la swali ambalo nimelisikia mara nyingi vibarazani: raia wa kawaida ana nini cha kumwambia mhandisi? Saruji haijui, nondo hazijui, sasa anaitiwa nini?

Sheria ina jibu lake. Katiba ya 2010, ibara ya 10, inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Jedwali la Nne likazikabidhi serikali za kaunti hospitali na zahanati za mashinani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikatenga sehemu nzima ya mambo haya haya. Wala si maneno ya kupamba karatasi: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, ikaeleza kwamba kushirikisha umma lazima kuwe kwa kweli, si kwa kutimiza wajibu tu. Mradi ukiwa mkubwa kiasi cha kuhitaji utafiti kamili wa athari kwa mazingira, kanuni za mwaka 2003 zinataka tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Ndiyo maana jirani wa hospitali husikika akiuliza moshi wa tanuri la kuchomea taka utaelekea kwa nani.

Basi sheria inalazimisha. Lakini sheria haielezi kwa nini bibi yule aliona kilichompita msomi.

Ramani huchorwa kwa kuhesabu vitanda na vyumba. Hospitali zetu haziendeshwi na wauguzi peke yao. Nyuma ya kila mgonjwa aliyelazwa kuna shangazi mwenye chupa ya chai, mjomba anayekimbizwa nje kununua dawa, dada anayefua shuka na kutafuta pa kuanika. Wengine wametoka mbali na hulala palepale. Watu hawa hawahesabiwi popote kwenye orodha ya vyumba, lakini ndio wanaojaza njia. Usipowawekea pa kupita watapita penye mashine, na usipowawekea pa kukaa watakaa ngazini, mlangoni pa dharura, chini ya dirisha la wodi ya watoto. Swali la uji, ukilitazama vizuri, ni swali la uhandisi.

Baada ya bibi kufungua mlango, wengine wakaingia. Mama mmoja akauliza kwa nini makafani yamechorwa karibu na lango kuu, hatua chache tu kutoka wodi ya wazazi. Msanifu alikuwa na sababu nzuri: gari la maiti lisizunguke. Mama akamwambia, "Mimi nimeshikwa na uchungu, nateremka kwenye tuktuk, halafu nakutana na jeneza linatoka. Hiyo ni salamu gani?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyedhani ni mzaha. Mzee mwingine akaongeza ambalo kijana hakulijua kabisa: huku Waislamu ni wengi na maiti huzikwa upesi, ikiwezekana siku hiyohiyo. Kwa hiyo makafani si chumba cha baridi na mlango tu. Panahitajika pa kuoshea maiti, maji ya kutosha, na uwanja wa kusimama umati unaofika kwa mara moja, saa yoyote. Kalamu nyekundu ikashuka kutoka sikioni.

Hoja iliyonishangaza zaidi ilitoka kwa nahodha mstaafu. Alisimama, akatazama juu ya mwarobaini kama anayepima tanga, akauliza jengo linatazama wapi. Akajibiwa: linatazama barabara, lipendeze. Akasema, "Basi kusi haitaingia."

Anayeishi pwani anajua kwamba mwaka wetu una pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika zamu baada ya hapo kwa miezi mingi. Jengo refu likilazwa mashariki kwa magharibi, jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta zake fupi, na pepo zote mbili hupata upande mrefu wenye madirisha. Ligeuze litazame barabara, na umeshanunua jua la alasiri ukutani na bili ya umeme ya feni hadi siku ya mwisho ya jengo hilo.

Na si suala la joto tu. Zitazame wodi za zamani za mkoloni ambazo bado zimesimama katika miji yetu: nyembamba, ndefu, dari juu kabisa, madirisha yakitazamana pande mbili, kila wodi imejitenga na mwenzake na kuunganishwa kwa ujia wenye paa. Mtindo huo ulisambaa duniani karne ya 19, na Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, alikuwa miongoni mwa walioupigia debe baada ya Vita vya Crimea. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya yenyewe. Sababu waliikosea, dawa wakaipata. Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, walichapisha matokeo yanayofaa kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya wasanifu. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa yake yote kama mara 28 kwa saa, ilhali kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya kutenga wagonjwa vinavyotegemea mashine ni mara 12. Majengo yenye umri wa zaidi ya miaka 50, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifika 40, na yale ya kisasa yenye madirisha ya kawaida 17. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyelala pua na pua na mwenzake, tofauti hiyo si hesabu ya vitabuni.

Rwanda walilifanyia kazi jambo hili. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifunguliwa mwaka 2011. Korido zake ziliwekwa nje, penye hewa, badala ya kuwabana watu ndani wakikoholeana. Wodini vitanda vimepangwa kwa kuegemea ukuta mfupi wa katikati, mgonjwa akitazama dirishani na si uso wa mgonjwa mwingine, na juu yao feni kubwa zinasukuma hewa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya eneo lile lile, yakichongwa na mafundi wa palepale. Butaro haikubomolewa na kujengwa upya, ilijengwa mpya kabisa, kwa hiyo kazi yao ilikuwa nyepesi kwa upande mmoja: hapakuwa na mgonjwa ndani wakati nyundo inapigwa.

Hapo sasa ndipo penye ugumu wa kujenga upya, na ndipo wananchi wengi husahau kuuliza. Shule unaweza kuisubirishia likizo, soko unaweza kulihamishia uwanjani. Hospitali haina siku ya kufungwa. Ni kama kubadilisha makuti ya paa katikati ya masika na wewe umelala ndani. Lazima pawe na nafasi moja tupu ya kuanzia: unajenga hapo, unahamishia wodi ya kwanza, unabomoa ilipokuwa, unajenga tena, unahamisha ya pili. Zamu zinafuatana kwa miaka. Hesabu ikikosewa mwanzoni, wodi ya wanaume inaishia hemani na hema linageuka kuwa la kudumu. Sote tunayajua mahema hayo.

Kisha kuna vumbi. Katika vumbi la kuta kuukuu mna mbegu za ukungu uitwao Aspergillus. Mimi na wewe tunazivuta kila siku na hatudhuriki. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa kali, ambaye kinga yake imeshuka, anaweza kuzivuta akafa. Kwa hiyo mkandarasi anayejua kazi yake hamwagilii kifusi maji ili majirani wasilalamike tu. Anaweka pazia la nailoni kutoka sakafuni hadi darini, anaziba matundu, anawapa vibarua njia yao isiyokutana na ya wagonjwa. Paa la zamani likiwa la asbesto, karatasi zake hazivunjwi kwa nyundo. Hufunguliwa nzimanzima zikiwa zimelowanishwa, zikafungwa na kupelekwa kutupwa panapostahili, kwa sababu nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Swali la kuuliza barazani ni rahisi: wakati mnabomoa hapa, wagonjwa wa pale watakuwa wapi, na oksijeni na umeme wao utapitia wapi? Ukiona wakuu wanatazamana, ujue mpango haujaiva.

Tatizo kubwa zaidi ni la kalenda, na hapa nitawalaumu pande zote. Kwa kawaida watu wanaitwa mwishoni. Ramani imeshachorwa, imeshapigwa rangi kwa kompyuta, ina miti ambayo haijapandwa na watoto wanaocheka. Kilichobaki kuulizwa ni rangi ya ukuta. Na sisi nasi tunafika siku hiyo tukiwa na hasira zote za miaka kumi, tunazimwaga kwa dakika tatu kila mmoja, tunatia saini kwenye orodha ya mahudhurio, tunapewa soda, tunaondoka. Orodha ile ndiyo itakayoonyeshwa mahakamani kwamba tulishirikishwa.

Uamuzi wenyewe huzaliwa mapema zaidi. Kaunti huwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, kisha kila mwaka mpango wa mwaka unatakiwa ufike bungeni kwao kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha unafuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Wodi isiyokuwemo kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kuichomeka Aprili, hata mwakilishi wa wadi akipiga meza. (Wodi ni ya kulazwa, wadi ni ya kupigia kura. Kuna wanasiasa wanaochanganya na kwenda kuomba kura vitandani.) Anayetaka njia ya uji iwemo, aanze kuisema Julai, wakati msanifu hajapata hata kazi.

Mkutano wetu chini ya mwarobaini ulikuwa na bahati kwamba ramani ile ilikuwa ya awali, penseli bado inafutika. Waliporudi baada ya miezi michache, wakaibana upya kwenye mti uleule. Jengo lilikuwa limegeuzwa, ukuta wake mfupi kwa barabara. Makafani yalikuwa nyuma, na lango lake mwenyewe na bomba la maji. Kutoka lango kuu hadi wodini palichorwa ujia wenye paa, na kandokando yake benchi.

Banda la kupikia ambalo akina mama waliliomba halikuwemo. Muuguzi mkuu alisimama mwenyewe kueleza: moto wa kuni karibu na mitungi ya oksijeni hauwezekani, na panya wa jikoni ya pamoja wangewafuata wagonjwa. Akaahidi chumba chenye maji ya moto na sinki za kuoshea vyombo, lakini uji upikwe nyumbani. Kulikuwa na manung'uniko. Bibi wa bakora aliufuata ule ujia kwa ncha ya bakora yake, taratibu, kutoka langoni hadi wodi ya wanawake, akahesabu benchi, kisha akauliza kama moja inaweza kuletwa karibu zaidi na lango, maana ya kwanza ilikuwa mbali kwa mtu mwenye magoti kama yake.